Mkunga na Madoa ya Kusini

Alijua siku ya kuzaliwa ya karibu kila mtu tuliyekutana naye barabarani, lakini ya kwake hakuwahi kuisema. Ukimuuliza, alikujibu kwamba siku hiyo hakuwa zamu. Kwa hiyo sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake, maana sivijui, na nadhani angenicheka kuniona nahangaika kuvitafuta. Mimi namkumbuka akiwa tayari Mkunga: sweta la bluu lililochakaa viwiko, soksi za sufu ndani ya kandambili, mikono mikubwa inayong'aa mafuta ya mgando, na sauti ambayo wanawake wengi wa Njombe waliojifungua zamani bado wanaiogopa.

Alistaafu, lakini jina halikustaafu. Nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya mji, ukishika barabara ya Kifanya, pale ambapo taa za mji zinaishia na mashamba ya viazi yanaanza. Mimi nauza mbao Makambako, na kwa miaka mingi nilipita pale nikitoka kutafuta miti ya kununua. Aliniita Mbao.

"Mbao, umekuja kunisalimia au umekuja kunipimia miti?"

Ndivyo alivyonipokea kila mara, na kila mara nilimjibu kwamba nimekuja kunywa chai. Huo ulikuwa uongo wa adabu, kwa sababu chai yake ilikuwa nyepesi kuliko zote nilizowahi kunywa. Majani aliyachemsha asubuhi, akayaanika kwenye ungo, akayarudia jioni. Katika mkoa unaolima chai, hilo ni jambo la aibu kidogo, na yeye hakulionea aibu hata chembe.

Darubini aliachiwa na daktari wa kigeni aliyefanya naye kazi muda mrefu wodi ya wazazi. Daktari alipokuwa anafunga mizigo aende kwao, aligawa vitu vyake. Mkunga alikuwa ameitupia jicho baiskeli. Baiskeli akapewa dereva, yeye akapewa sanduku refu. Alilisukumia chini ya kitanda akiamini ni pampu ya maji, na kwa hasira hakulifungua mpaka mvua za mwaka ule zilipokwisha. Alipolifungua akakuta bomba jeupe refu, vioo vilivyofungwa kwenye pamba, na miguu mitatu ambayo mmoja ulikuwa umevunjika. Mguu huo mimi ndiye niliyemchongea mwingine baadaye, wa msindano, ule mti wa mbao wenye majani kama sindano, na hakunishukuru; alisema ni mfupi. Dereva yule alishafariki, lakini kila jina lake lilipotajwa Mkunga aliguna.

Alivyojifunza kutumia darubini ni kisa alichopenda kukisimulia mwenyewe, tena akijicheka. Alikuwa ameuelekeza mlango wa bomba upande wa kaskazini, kwenye barabara ya Makambako, Oktoba, jioni yenye nyota nyingi. Katikati ya kioo akaona kidoa cheupe, kama tone la maziwa lililofutwa vibaya. Mtu wa wodi ya wazazi akiona doa hana swali la kujiuliza. Akaingiza kioo ndani, akakisugua kwa shashi na spiriti. Akatoka, doa lipo. Akachemsha maji, akakiosha, akakikausha kwa kitambaa alichokipiga pasi. Doa lipo. Kesho yake akarudia kazi ileile, na keshokutwa, mpaka spiriti ikala kioo pembeni ikaacha alama ambayo haikutoka tena. Ndipo akagonga bomba kwa kiwiko kwa bahati mbaya, bomba likageuka, na doa likabaki kulekule angani lilikokuwa.

"Nilikuwa nasugua mbingu, Mbao," aliniambia. "Siku tatu nasugua mbingu kwa spiriti ya serikali."

Mwalimu mmoja wa fizikia aliyepanga chumba kwake alimweleza kwamba lile si doa bali ni galaksi, umati wa nyota usiohesabika ulio mbali kupita kundi letu lote la nyota, na kwamba mwanga anaouona uliondoka huko kabla duniani hakujakuwa na mkunga wala mzazi. Aliyapokea maelezo kwa heshima. Lakini jina likawa limeshashika. Tangu hapo galaksi zote kwake zilikuwa madoa. Vishada vya nyota, zile nyota zilizosongamana mahali pamoja, aliviita wodi. Kilimia ilikuwa wodi ndogo ya binafsi, ina nafasi. Kule kusini, pembeni kabisa ya kiwingu kimoja kisichopeperuka, kulikuwa na wodi yenyewe, mviringo, imejaa mpaka katikati huwezi kutenganisha nyota na nyota. "Hapo wanalala wawili wawili kitanda kimoja," alisema, "na wengine chini."

Kiwingu chenyewe nacho kilikuwa doa, kubwa kuliko lile la kaskazini, na hukuhitaji darubini kukiona; ulihitaji giza na subira tu. Wodi ile na doa lile ndivyo alivyovipenda kuliko vitu vyote vya juu. Ukifika kwake Oktoba au Novemba, baada ya ugali, alikuwa anabeba bomba mgongoni kwa mbeleko, amelifunga vizuri kama mtoto wa jirani, anatangulia nje bila kuuliza kama unataka kwenda.

Alikuwa na sheria moja: sema unachokiona. Usiseme ulichosoma, wala unachofikiri yeye anataka kusikia. Kama unaona weupe, sema weupe. Kama huoni kitu, sema huoni kitu, hakuna atakayekupiga. Nadhani sheria hii ilitoka kazini kwake. Alishawaona wauguzi wachanga wakisema mapigo ya moyo wa mtoto wanayasikia ilhali wanasikia tumbo la mama linanguruma, na alijua gharama yake.

Diwani mmoja alikuja kutembelea, akaombwa atazame. Akainama na suti yake, akashika bomba, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Naona," akasema. "Kwa kweli ni maajabu ya Mungu." Mkunga akapita mbele ya bomba taratibu, akabandua kifuniko ambacho alikuwa hajakitoa, akakitia mfukoni mwa sweta.

"Sasa tazama tena, Mheshimiwa," akasema.

Tangu siku hiyo, mtu akisema uongo wowote mbele yake, hata kuhusu bei ya viazi, alimwuliza kama naye ni diwani.

Jambo jingine alilofundisha ni kutazama pembeni. Doa ukilikodolea macho linafifia, ukisogeza jicho kando kidogo linajitokeza. Mimi lilinichukua muda. Nina macho ya mtu wa mbao. Nimezoea kukitazama kitu moja kwa moja nijue kitatoa nini. Mkunga alikuwa ananishika kisogo kwa vidole viwili na kukigeuza. "Usimkazie macho. Mtazame kama unavyomtazama mkwe wako. Unamwona, lakini humtazami." Na kweli, nikimtazama hivyo, doa lilikuja lenyewe, jepesi, limekaa mahali pake.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkali mpaka basi. Mama yangu, ambaye alinizaa mikononi mwake, alisema siku ile alitukanwa matusi ambayo hakuwa anajua kwamba yapo katika Kibena. Alikuwa mchoyo wa zamu kwenye darubini: ukishaona ulichokuwa unaona, anakugonga bega, toka. Alikuwa anaogopa vyura. Mwanamke aliyekaa peke yake uani gizani akitazama vitu vilivyo mbali kuliko mwisho wa akili, akisikia chura kwenye majani anaparamia benchi na kuniita kwa sauti ya mtoto. Alikuwa Mlutheri wa kukaa kiti cha mbele, asiyegusa pombe, isipokuwa miezi ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, ambapo alikunywa kikombe kimoja kila jioni na kukiita dawa ya kifua. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa.

Na hakupenda mtu amchanganyie mbingu. Mchungaji alimwomba siku moja azungumze na vijana kanisani kuhusu nyota na ukuu wa Muumba. Alikataa. Nilipomwuliza sababu, akaendelea kumenya viazi.

"Ile ya Jumapili naiamini," alisema. "Hii naitazama. Nikianza kuziweka pamoja nitaacha kutazama vizuri."

Kwaya ilipofunga safari ya Kitulo kwenda kuona maua, alibeba darubini na mbeleko yake. Wenzake walipiga picha kwenye maua mchana kutwa, na giza lilipoingia wakajifungia na mablanketi kwa sababu baridi ya kule si ya mchezo. Yeye alibaki nje, amevaa sweta mbili na kanga kichwani, na asubuhi walimkuta ana sauti imekauka na uso umemjaa furaha. Alikuwa ameona madoa mengi mno. Maua, alipoulizwa, alisema ndiyo, yalikuwepo. Nami nilimwalika Makambako mara moja, aweke darubini kwenye yadi yangu. Upepo wa Makambako ukamtikisia bomba jioni nzima, malori yakamwashia taa usoni, na treni ilipopita ikamalizia. Alifunga mzigo wake. "Mji wenu hauna adabu," alisema, na hakurudi tena.

Sasa niseme habari ya miti, kwa maana hapo ndipo mimi na yeye tulipogombana kwa miaka.

Wafanyakazi wa hospitali walikatazwa kupokea zawadi za wazazi. Watu hata hivyo walikuwa wanakuja na kuku, na yeye alikuwa anawafukuza, na watu walikuwa wanaumia. Mwisho akapata njia. Akawaambia: anayetaka kunishukuru alete mche wa msindano, aupande mwenyewe kwenye kiwanja changu. Basi ikawa desturi. Mtoto akifikisha umri wa kukaa, mama anakuja na mche ndani ya kopo au mfuko wa plastiki, baba anachimba shimo, mtoto anagusishwa udongo, wanakunywa ile chai nyepesi, wanaondoka. Mistari ikaongezeka upande wa kusini wa nyumba, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Kila mti alijua ni wa nani. Watoto wa shule walikuwa wanapitia pale kupimana na miti yao na kubishana wa nani mrefu. Mtu akiwa Dar au Mbeya alikuwa anapiga simu, "Bibi, mti wangu unaendeleaje?" na Mkunga anatoka na simu mkononi kwenda kuutazama kabla ya kujibu.

Wangu ulikuwa mstari wa mbele. Ulikuwa na kona mbili, kama mtu anayetaka kukaa akaghairi. Kwa jicho la biashara haungetoa hata ubao mmoja wa maana, na Mkunga alihakikisha silisahau hilo.

Miti ya mbao ina umri wake wa kuvunwa, na ile ilikuwa imeupita zamani. Nilimwambia. Kila mwaka nilimwambia. Alikuwa ananitazama kana kwamba nimependekeza kukata watoto. Na wakati huohuo miti ilikuwa inapanda, polepole, ikimeza anga yake. Mwaka mmoja alipoteza nyota za chini. Mwaka mwingine doa likawa linaonekana likiwa juu kabisa tu. Akawa anarudi nyuma na darubini, kutoka uani hadi ukuta wa jiko, kutoka ukutani hadi barabarani, kutoka barabarani hadi shamba la viazi la jirani, mpaka jirani akapanda miti naye. Mwisho kusini kukawa ukuta mweusi unaovuma kila upepo ukipita. Wodi yake na doa lake vilikuwa nyuma ya shukrani za watu. Alibaki na kaskazini na utosini, na akasema zinamtosha. Hakuwa diwani, lakini hapo alisema uongo.

Habari ya macho aliniambia kwenye mafiga, bila kugeuka, kama anayesema mkaa umekwisha. Presha ya macho. La kushoto lilikuwa limeshakwenda muda mrefu na hakumwambia mtu. La kulia lilikuwa linaliwa kutoka pembeni. Dawa ya matone ilikuwa inachelewesha, hairudishi.

"Katikati naona vizuri," alisema. "Naona uso wako, bahati mbaya. Ila pembeni panaziba."

Nilielewa alichoniambia. Pembeni ndiko madoa yalikokuwa.

"Na binti yangu anakuja kunichukua," akaendelea. "Dodoma. Anasema sitakaa peke yangu na jicho moja bovu. Ana haki. Mvua zikianza nitakuwa kwake, na kule kwake kuna taa mpaka chooni." Akafunika sufuria. "Nataka kuiona ile wodi ya kusini, Mbao. Na doa, kama bado nalipata. Kabla sijaondoka. Sina jingine."

Nilimwambia kesho nakuja na vijana na msumeno wa mashine, jioni anga itakuwa wazi. Alikasirika mpaka sauti ya wodini ikarudi.

"Miti si yangu. Utakataje mti wa mtu bila kumwuliza?"

Akaanza kuuliza. Alianza na mimi, alisema, kwa sababu wangu ni mbovu na hautamuuma mtu. Nikasema sawa. Nikashangaa kwamba uliniuma kidogo. Wengine aliwapigia simu, na nusu ya muda alikuwa anawaeleza wao ni nani: ulizaliwa siku ya mvua ya mawe, mama yako alikuja kwa toroli. Wengine aliwafuata kwa miguu, mimi nikimshika mkono penye mteremko. Karibu wote walikubali. Wengi walicheka, wachache walilia, mmoja akataka apigiwe picha ya mti kwanza. Sharti la Mkunga lilikuwa kila mwenye mti apelekewe ubao mmoja kutoka kwenye mti wake, na mimi nikakubali kuupasua na kuupeleka.

Aliyekataa alikuwa mmoja. Mama mmoja wa Kifanya, Mkatoliki, mkulima wa viazi, mtu mpole. Tulimkuta anapalilia. Mkunga alimsalimia, "Kamwene," naye akaitika, "Kamwene, mama," akafuta mikono akatuletea mabenchi. Alisikiliza mpaka mwisho. Mtoto wake alikuwa wa pekee, na alifariki kwa homa akiwa darasa la nne.

"Samahani, mama," alisema. "Mingine sawa. Huo wa mwanangu usiguswe."

"Sawa," Mkunga akasema.

Wakazungumza habari za mbolea. Njiani nilishindwa kuvumilia, nikasema mti mmoja tu, na upo katikati kabisa ya mstari, na mtoto hayupo, na yule mama huenda huja kuutazama mara moja kwa mwaka.

"Mara moja kwa mwaka ni nyingi," Mkunga alijibu. Tulitembea kidogo. "Wewe hukuwepo siku anazaa. Mimi nilikuwepo. Usinigusie hilo jambo tena."

Tukakata. Miti ilikuwa inaanguka upande wa bonde, na Mkunga alikaa kwenye kiti mlangoni akitaja kila mmoja kwa jina la mtoto kabla haujaanguka. Vijana wangu walizoea kupiga kelele kazini. Siku ile walifanya kazi kama wako kanisani. Wangu ulitoa kigoda kimoja. Jua lilipozama pale kusini pakawa na visiki, harufu ya utomvu, na msindano mmoja mrefu umesimama peke yake.

Moshi wa mashamba yanayochomwa ulitunyima anga siku kadhaa. Kisha ikaja mvua ndogo ya mapema, ikaosha, na jioni iliyofuata anga ilikuwa safi kabisa. Nilifika na kigoda changu. Mkunga alikuwa ameshabeba darubini mwenyewe kwa mbeleko, akipapasa njia kwa mguu, na hakukubali nimpokee. Tukaiweka palepale alipokuwa akiiweka zamani, uani, kabla miti haijamrudisha nyuma. Mizigo yake ilikuwa imefungwa ndani. Binti angefika Jumamosi.

Tulikuwa hatujatazama kitu tuliposikia hatua. Yule mama wa Kifanya alikuja na tochi, amejifunga blanketi. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba ni leo.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene. Zima tochi, mama. Kaa."

Akazima. Nikampisha kigoda. Macho yetu yakazoea giza, nyota zikawa nyingi, na nikatafuta ile nyota yenye ukungu kidogo, ambayo ndiyo wodi. Sikuiona. Nikapima upya kwa mkono kama alivyonifundisha. Kisha nikaelewa. Ilikuwa nyuma ya msindano uliobaki. Katika anga yote ile tuliyoifungua, ilikuwa imekaa nyuma ya mti mmoja, na kiwingu pamoja nayo.

Nikashusha mkono. Mkunga alinijua.

"Iko nyuma ya mti," alisema.

"Ndiyo."

Yule mama alisikia. Akasema kwa sauti ya chini, "Kama anakuzuia, mama, mkate. Asikuzuie kwa ajili yangu."

"Hanizuii," Mkunga akasema. "Nyota zinatembea. Yeye amesimama tu. Tutangoja."

Tukangoja. Mimi sina subira. Nilisimama, nikakaa chini, nikasimama. Chai ikapoa, na kwa kuwa ilikuwa chai yake haikupoteza kitu. Wanawake wale wawili hawakusogea. Wakati fulani nilifungua mdomo kusema labda tuhamishe darubini, na Mkunga akaniwahi.

"Usisukume, Mbao. Wakati wake bado."

Nyota za kusini zilikuwa zinapanda kuelekea kulia, polepole kiasi kwamba ukiitazama moja huioni ikitembea. Upepo ulikuwa umetulia na msindano haukuvuma. Kisha kwenye ukingo wa matawi, upande wa kulia, pakawa na mwanga mdogo wenye ukungu, ukapotea, ukarudi, ukatoka.

"Imetoka," nilisema.

Nikaelekeza bomba. Nilitegemea Mkunga akae kwanza, ndiye aliyekuwa na haki, tena nilijua uchoyo wake wa zamu. Badala yake alimshika yule mama bega akamwongoza mpaka kwenye kioo.

"Sema unachokiona," alimwambia.

Mama aliinama. Alikaa hapo muda mrefu sana, na hakuna aliyemgonga bega.

"Wamejaa," akasema.

"Ndiyo."

"Wamejaa sana, mama. Sikujua."

Kisha Mkunga akakaa. Aliweka jicho la kulia, akashusha pumzi, na nikaona mabega yake yakilegea. Wodi ilikuwa katikati, na katikati bado alikuwa nayo. Akacheka kidogo peke yake. Akasema wapo, hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani.

Tulingoja tena, na kiwingu nacho kikatoka nyuma ya mti. Nilikiona kwa macho yangu tu, chepesi, kimekaa mahali pake. Nikasogeza bomba. Mkunga akatazama. Akageuza kichwa kidogo upande huu, akageuza upande ule, akijaribu pembe zote za jicho lake, kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Akajaribu tena. Mwishowe akainuka, akaniashiria nikae.

Niliweka jicho. Nikatazama kando kidogo, kama anavyotazamwa mkwe.

"Doa lipo?" akauliza. Kisha akaongeza, "Usiniambie ya diwani."

"Lipo," nikasema. "Jeupe, limetanda. Upande wa kushoto limekolea kidogo. Kuna vinyota ndani yake."

Alifikiri.

"Hapo pa kushoto pamekolea, ndiyo," alisema. "Ni lenyewe."

Na lilikuwepo.